Anayetangulia Kuonja

Mimi si mtu wa kushangaa haraka. Ninauza ndagala, yaani dagaa, hapa sokoni Kalemie tangu nikiwa msichana, na muuza ndagala huona mengi. Nimeona maji ya ziwa yakipanda mpaka yakaingia katika nyumba za watu na kukaa humo kama mpangaji. Nimeona bwana harusi akiikimbia harusi yake mwenyewe kwa pikipiki. Nilitikisa kichwa tu, nikaendelea kupima ndagala zangu. Lakini Mama Philomène alinishangaza, na mpaka leo nikimtazama akipanga mboga mezani, mwili unanisisimka. Ngoja niwaeleze ni mtu wa namna gani.

Meza yake inapakana na yangu, upande wa jua, kule wanakopangwa kinamama wasio na mtu wa kuwasemea. Anauza mchicha tunaouita lengalenga, nyanya, bilingani, na hasa shu, ambazo ng'ambo ya ziwa wanaziita kabichi. Shu zake zina matundu. Kwenye meza nyingine shu zimejifunga vizuri, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na za kwake zinaonekana zimetoka vitani. Siku za mwanzo nilimtania sana.

"Mama Philo, unauzisha mboga ao unauzisha matundu?"

"Mama Tina, mududu alitangulia kula na hakukufa," alinijibu bila kuinua macho. "Na wewe hautakufa."

Kisha akavunja kipande cha jani, akakitia mdomoni, akakitafuna mbele yangu polepole mpaka akakimeza. Ndivyo alivyomfanyia kila mteja, mkubwa kwa mdogo.

Asiye wa huku huenda asielewe. Kwetu chakula hakipokelewi hivi hivi. Anayekuletea maji ya kunywa hunywa kwanza yeye, kidogo, huku ukimwona. Chupa ya bia hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, si jikoni. Mama mwenye nyumba huchukua tonge la kwanza, ndipo wageni nao wanaanza. Hakuna anayeona ni tusi. Hofu ya sumu ni ya zamani kwetu, na kinga tuliyoipata ni hiyo, kwamba anayetoa ndiye anayetangulia. Mama Philomène aliitoa desturi hiyo nyumbani akaileta sokoni. Mteja alisimama, na kabla ya kuuliza bei alimwuliza, "Ulishaonja?" Naye alivunja jani akatafuna. Hebu fikiri kutafuna shu mbichi tangu asubuhi mpaka soko linafungwa. Jioni tumbo lake lilinguruma hata sisi majirani tulilisikia, na kwa kweli tulikuwa tunacheka.

Alizaliwa Zongwe, pwani ya ziwa, kwenye njia ya kwenda Moba. Baba yake alivua samaki, mama yake alilima, na yeye alimfuata mama. Mjini aliletwa na ndoa. Aliolewa na Papa Jacob, mtu wa reli, mrefu, mpole, mwenye kupenda usafi kupita kiasi. Papa Jacob alikuwa mfanyakazi wa stesheni zama zile treni ya Kabalo ilipokuwa ikija na kuondoka kwa saa zake, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya siku ambayo mkurugenzi alikuja kutembelea. Nyasi zilifyekwa. Mawe ya kando ya reli yalipakwa chokaa, jiwe kwa jiwe, mpaka yakawa meupe kama meno. Gari bovu lilisukumwa nyuma ya depo lisionekane.

"Mukurugenzi alishuka, akaangalia, akasema ni vizuri," alikuwa akimalizia kila mara. Nilisikia hadithi hiyo mara nyingi hata ningeweza kuipaka chokaa mimi mwenyewe.

Kazi ya reli ilipolegea, Papa Jacob alirudi nyumbani na koti lake la bluu, ambalo hulipiga pasi hadi leo. Mkewe ndiye aliyeshika mzigo. Ng'ambo ya Lukuga, karibu na mahali mto unapotoka ziwani, kuna ukanda wa udongo mweusi unaoachwa na mafuriko, na hapo Mama Philomène alipata shamba lake. Wapo wengi wanaolima pale. Wote wanapiga dawa ya wadudu ya chupa, ile inayouzwa bila karatasi yoyote ya kueleza ni kitu gani, na yeye pia aliwahi kuipiga msimu mmoja. Shu zilitoka safi, bila tundu. Siku ya kwanza sokoni mteja akamwuliza kama kawaida, "Ulishaonja?" Mkono ulimkatalia. Alikuwa amepiga juzi yake, na aliyemuuzia chupa alimwonya asubiri kwanza kabla ya kula. Alizifunga shu zote katika kitenge, akaenda kuzifukia, na tangu hapo chupa haikuingia tena shambani kwake. Alinieleza hayo kwa maneno machache, huku akifumua nywele zake, kama mtu anayeeleza jinsi alivyohama mtaa.

Basi, ndipo serikali ya jimbo ikaleta mambo yake. Redio ilitangaza amri mpya ya kilimo hai na usalama wa chakula. Mimi serikali nilizoea kuiona sokoni ikiwa na kitabu cha tiketi za ushuru mkononi, nikajua hii nayo ni tiketi ya rangi nyingine. Lakini alikuja mtu, jina lake Mardochée, agronome, yaani bwana shamba wa jimbo, kijana mwembamba mwenye pikipiki na buti zenye matope. Alitukusanya kinamama wa soko na wa mashamba akatueleza. Atakayelima misimu mitatu bila dawa ya chupa, na akakaguliwa, atapewa kibao cha kijani chenye muhuri wa jimbo cha kutundika mezani kwake. Atapewa meza chini ya paa, penye mlango wa soko. Jiko la hospitali na bweni la masista watanunua mboga kwa wenye kibao tu. Naye agronome atakuwa anakuja shambani bila kutoa taarifa.

"Sheria iko rahisi," alisema. "Misimu tatu, bila hata tone moja. Ukipiga tone moja, tunarudia ku zero. Hata kama ni musimu ya mwisho. Hata kama ni mama yangu mwenyewe."

Mama Philomène aliinua mkono. "Papa Agronome, kibao ikikuwa pa meza, bantu bataacha kuniuliza kama nilionja?"

Agronome alifikiri. "Ndiyo, Mama. Kile kibao njo kusema serikali ilishaonja mbele yao."

Hapo Mama Philomène alicheka, na sikuwahi kumwona akicheka vile. Meza chini ya paa aliitaka, hospitali aliitaka, nani asingezitaka. Lakini kitu kilichomwingia moyoni kilikuwa hicho, kwamba ipo siku ataonja mara moja mbele ya watu wote, kisha tumbo lake litapumzika, na matundu ya shu zake yatakuwa heshima badala ya kichekesho.

Wanawake wengi walijiandikisha siku ile. Kiangazi kilipofika na viwavi vikashuka kama mvua, wakaacha mmoja baada ya mwingine, na siwalaumu, watoto wanakula kila siku. Alibaki yeye. Na agronome alikuja kweli. Alikuja mvua ikinyesha, alikuja Jumamosi, alikuja siku ya soko wakati hakuna anayemtegemea. Alinusa majani, alichungulia ndani ya ndoo, alichimba udongo kwa vidole. Siku moja nilimletea soda makusudi, nione kama atakunywa. Alinishukuru, akasema akiwa kazini hanywi kitu cha mtu, akawasha pikipiki yake. Nilibaki na soda mkononi kama mjinga. Nilikuwa sijui kwamba serikali inaweza kuwa hivyo.

Katika msimu wa pili nilimfuata Mama Philomène shambani asubuhi, jua likichomoza, kwa sababu nilitaka kuuona huo ujinga kwa macho yangu. Nilizaliwa mjini mimi, mboga naijua ikiwa imefungwa kamba. Alikuwa ameinama, anaokota viwavi kwa vidole, jani kwa jani, na kuvitia katika kopo lenye majivu. Mwishoni mwa shamba palikuwa na tuta moja ambalo hakuligusa, limeliwa mpaka limebaki mishipa.

"Lile njo yao," aliniambia. "Bakishiba kule, huku banapunguza."

Halafu alinionyesha. Baina ya kila shu na shu palikuwa na utando wa buibui uliojaa umande. Nyigu wembamba kama uzi walikuwa wakishuka, wakibeba viwavi vidogo, wakiruka navyo. Hakuna aliyewatuma. Alichomeka mkono katika udongo, bila jembe, ukazama mpaka kiwiko, na alipoutoa, nyungunyungu walikuwa wakimtembelea kiganjani. Shamba lote lilikuwa linavuma, sauti ndogo, ya chini, isiyokatika, kana kwamba chini ya majani kuna umati wa watu wanasali. Nilisimama pale. Sijui ni kitu gani kilinipata. Nilijikuta nimevua viatu, na hakuna aliyeniambia nivivue. Yeye aliniona, akaendelea kuokota. Nilirudi sokoni nikiwa mpole, wateja wangu wakauliza kama ninaumwa.

Msimu wa tatu ulifika mwisho. Redio ikatangaza kwamba Waziri wa jimbo mwenyewe atakuja shambani kutoa kibao cha kwanza katika mji wote, na kwamba Mama Philomène ataonja shu yake mbele ya wageni, kisha Mheshimiwa ataonja baada yake, kwa desturi yetu. Mtaa mzima ulijua. Wiki hiyohiyo shangazi yake akafa Zongwe. Ilibidi aende matanga, na boti za huko hazina haraka. Alimwachia Papa Jacob shamba.

"Papa, okota tu viwavi," alimwambia mbele yangu. "Mengine uache vile iko."

"Usijali, Mama. Utakuta iko muzuri."

Siku ya sherehe boti ilichelewa. Mama Philomène alishukia ufukoni na kitenge chake cha matanga, nikamchukua kwa pikipiki moja kwa moja hadi Lukuga. Watu walikuwa wamejaa. Turubai limetandazwa, viti vya plastiki vimepangwa, kwaya ya kinamama Wakatoliki imesharudia wimbo mara mbili. Na pande zote mbili za njia ya kuingia shambani palikuwa na mawe, yamepakwa chokaa, meupe, yamenyooka mpaka mwisho wa matuta. Papa Jacob alisimama mwanzoni mwa mawe hayo na koti lake la bluu. Mama Philomène alipoyaona alicheka.

"Papa, Mukurugenzi anakuja?"

"Anakuja," alisema mzee, uso umejaa furaha.

Tukapita kati ya mawe, mimi nyuma yake. Alitaka kuchagua shu ya kuonja kabla ya wageni kufika. Alipofika tuta la pili alisimama. Nilikaribia kumkanyaga.

Mwanzoni sikuelewa. Shu zilikuwa nzuri. Majani yaling'aa katika jua, hakuna hata mdudu mmoja juu yake. Kisha nikasikia alichokuwa anasikiliza yeye, yaani hakuna kitu. Shamba halikuvuma. Nilitazama chini nikaona viwavi vimelala ubavu juu ya udongo, na nyigu pamoja navyo, na buibui wamejikunja katika tando zao. Hata lile tuta la mwisho, tuta lao, lilikuwa kimya. Kwaya iliimba upande wa pili wa turubai.

"Papa," alisema Mama Philomène kwa sauti ndogo. "Ulipiga nini hapa?"

Papa Jacob hakujua bado. Alieleza kwa fahari. Viwavi vilikuwa vingi, macho yake hayaoni vizuri tena, akaazima pompi ya mgongoni kwa Papa Michel wa shamba la jirani, pamoja na chupa. Alipiga jana mchana, tuta kwa tuta, hata moja hakuliruka.

"Ministre aje akute shu imetoboka sawa chujio?" alisema. "Nilisikia aibu juu yako, Mama. Nilisema leo bakuone muzuri."

Mkewe alimtazama tu, na mzee akaanza kuelewa. Furaha ilimtoka usoni kidogo kidogo, kuanzia macho, mpaka mdomo ukabaki wazi. Sijawahi kumhurumia mtu mzima kiasi kile. Alikuwa amelisukuma gari bovu nyuma ya depo, kama alivyofundishwa, na gari lenyewe ndilo lililokuwa linatembea.

Mimi nilikuwa na akili ya soko. Nilimshika Mama Philomène mkono.

"Nyamaza," nilimwambia. "Hakuna mwenye kujua, ni sisi watatu tu. Mezani kwako kulibakia shu ya wiki ile ingine, nitume mutu ailete mbio. Utaonja ile. Misimu tatu, Mama Philo. Kibao iko kwenye gari yao."

Na ningemwambia hivyohivyo tena leo. Rafiki yangu alikuwa anapoteza kitu alichokitafuta kwa magoti yake.

"Na hizi?" aliuliza, akizitazama shu. "Kesho hospitali ikituma mutu, nitamupa nini?"

Gari za wageni zikaingia. Waziri alishuka, akasalimia watu, akayasifu mawe. Wakubwa wakakaa. Agronome Mardochée alikuwa amevaa shati jeupe, na buti zake zilezile, safi safari hii, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeozesha dada yake. Mezani palikuwa na sahani, kisu, na kile kibao kimefunikwa kitambaa. Hotuba zilikuwa mbili, sikusikia hata neno. Kisha jina la Mama Philomène likaitwa.

Alitoka mikono mitupu. Alisimama mbele ya meza na kitenge chake cha matanga, mwanamke mfupi, miguu imejaa vumbi la safari. Agronome alimnong'oneza kwamba amesahau shu. Yeye akageuka kwa watu.

"Sitaonja," alisema.

Watu walidhani ni mzaha, wengine wakacheka.

"Shamba yangu ilipigwa dawa jana. Sitaonja. Na mimi nikikosa kuonja, hakuna muntu wa kuonja."

Waliocheka wakageukiana. Hata watoto. Agronome akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu lisije, "Mama, ni nani alipiga?"

"Shamba ni yangu," alisema Mama Philomène.

Alisimama hapohapo, na kwa jinsi alivyosimama nilijua hatamtaja mumewe hata wamkate. Lakini nyuma ya viti mtu alikuwa anasogea. Papa Jacob alikuja polepole kati ya mawe yake meupe. Alivua kofia. Sauti yake ilifika kwa wote.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Yeye alikuwa ku matanga. Nilitaka mukute pazuri. Muandike jina yangu."

Waziri aliinuka. Ningependa kuwaambia kwamba alimsamehe, akafunua kibao akampa mwanamke huyo kwa ukweli wake, watu wakapiga makofi. Wapo waliotazamia hivyo, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini Waziri alimtazama agronome. Agronome alikuwa na machozi machoni, akatikisa kichwa kukataa. Waziri akainama, akamwambia Mama Philomène maneno ambayo sisi wa mbele tuliyasikia.

"Mama, nikikupa leo, hiki kibao hakitakuwa na maana kwa mutu yeyote."

"Najua," alisema yeye. "Kirudi tu na ninyi."

Agronome alikichukua kikiwa bado kimefunikwa, akakirudisha ndani ya gari. Misimu mitatu iliingia katika gari lile na mlango ukafungwa.

Mama Philomène hakungoja wageni waondoke. Alijifunga kitenge kiunoni, akaingia shambani, akaanza kung'oa. Alishika shu ya kwanza kwa mikono miwili, akaivuta na mizizi yake, akaitupa njiani, akashika nyingine. Aliogopa kwamba zikibaki pale mtu atazichuma usiku amwuzie mwenzake. Hakuwa analia. Alikuwa anang'oa kama anavyookota viwavi, kwa mwendo uleule. Papa Jacob alikwenda mwisho wa shamba akaanza kuchimba shimo, koti la bluu mwilini, na udongo ukalichafua.

Mimi nilivua viatu. Princesse wa kwaya alikuwa karibu yangu, akanitazama, akavua na yeye. Kisha wakavua wengine, mama kwa mama, pamoja na wale walioacha msimu wa kwanza, na tukaingia katika matuta na nguo zetu za sherehe. Tulizing'oa zote. Hakuna aliyeimba. Nilipoinua kichwa niliona gari za wakubwa bado zimesimama, na Waziri na watu wake wamesimama kando ya gari hizo, na mmoja wao ameshika kofia kifuani kama mtu aliyekuta mazishi njiani. Nilimtazama Mama Philomène mbele yangu, mgongo wake, mikono yake midogo yenye matope, na niliogopa. Sijui neno jingine. Nilikuwa nimekaa meza kwa meza na mtu huyu miaka yote hiyo, nikicheka tumbo lake.

Siku ya soko iliyofuata alikuja na meza tupu. Aliifuta, akakaa nyuma yake. Mteja alipomwuliza shu, alisema, "Sina." Alifanya hivyo mpaka mbegu nyingine zilipozaa. Agronome alikuja shambani siku ya tatu na pikipiki yake, akaandika zero mbele yake, akamwonyesha. Mama Philomène akasema ni sawa. Msimu wa kwanza shamba lilikaa kimya, viwavi vikarudi kabla ya nyigu, na alivuna kidogo sana. Msimu wa pili, asubuhi moja, alinipigia simu nikiwa bado kitandani. Aliielekeza simu kwenye majani, nami nikasikia mvumo ule umerudi, nikakaa kitandani nikisikiliza mpaka salio lake likaisha.

Kibao kilikuja mwezi uliopita. Hakukuwa na turubai. Waziri alikuwa safarini Kiambi, na mawe ya njia ya shamba yamesharudia rangi yao ya udongo. Agronome Mardochée alikuja sokoni peke yake na nyundo na misumari miwili, akakigongomea mezani, meza ya chini ya paa, penye mlango. Kijani, na muhuri wa jimbo. Alimpa mkono Mama Philomène, akampa mkono Papa Jacob, ambaye alikuwa ameshusha gunia la shu na kuzipanga, zile zenye matundu makubwa zikiwa mbele kabisa. Siku hizi hulileta gunia mwenyewe kila asubuhi.

"Basi sasa tumbo yako ipumzike," nilimwambia Mama Philomène. "Serikali ilishaonja."

Alikuwa anamtazama mumewe. Papa Jacob alikuwa amevunja kipande cha jani. Alikitia mdomoni akakitafuna polepole, amesimama wima na koti lake lililopigwa pasi, akakimeza. Kumbe, kama alivyoniambia mkewe baadaye, hivyo ndivyo anavyofanya kila siku tangu siku ile ya mawe, kila gunia, kabla mkewe hajagusa kitu, na mimi sikuwa nimetambua. Alikuwa anatafuna alfajiri kule shambani, na alikuwa anatafuna hata misimu ile ambayo mavuno yalikuwa machache mno.

Mteja wa kwanza alifika, mama mmoja mwenye kikapu. Kibao kilikuwa mbele ya macho yake, rangi bado mbichi. Kwa mazoea tu akauliza, "Ulishaonja?"

Mama Philomène hakukionyesha kibao.

"Papa alishaonja," alisema, akampimia shu yake.